Wambeti na Mbuzi Wasiohesabiwa

Winfred Wambeti akicheka, hutafuta kitu cha kushika. Ukuta, mlango, bega la mtu asiyemjua, chochote kilicho karibu, kwa sababu kicheko chake huanzia magotini na kumlegeza mwili mzima. Wanafunzi wake katika Chuo cha Kompyuta cha Kirimara, mjini Embu, walilijua jambo hilo na walikuwa wakimsogezea kiti mapema, wakiona tu mdomo wake umeanza kucheza. Na mwaka ule wa 1999, viti vilisogezwa sana.

Alikuwa mzaliwa wa Karurumo, binti wa wakulima wa kahawa, aliyeingia mjini na cheti cha kupiga chapa na vidole vyepesi ajabu. Kwa miaka mingi alifundisha wasichana taipureta, akipita nyuma yao na rula mkononi, hadi ndoto zake zenyewe zikawa na mlio wa taipureta. Alipanga chumba mtaa wa Dallas, na majirani walimfahamu kwa mwendo wake wa haraka na kwa redio yake iliyopayuka taarabu alfajiri bila kumwomba mtu radhi. Hakuwa ameolewa. Akiulizwa sababu alijibu kwamba hajapata mwanamume anayechapa haraka kumshinda, na huyo aliyeuliza akabaki kukuna kichwa.

Kompyuta zilipofika chuoni zilipokelewa kama bibi harusi. Zilifunikwa vitambaa vya kudarizi, dirisha likawekewa pazia, na mtu hakuingia chumba kile kabla ya kuvua viatu mlangoni. Kati yazo ilikuwamo moja mpya kabisa, yenye nguvu kuliko nyingine zote, iliyokuja na kitabu kinene ambacho hakuna aliyekifungua. Wambeti alikifungua. Alikisoma kwa chai na nduma, jioni baada ya jioni, huku akiwa pekupeku, na humo ndani akakutana na kitu kilichombadilishia maisha.

Kitu chenyewe kilikuwa kiunzi cha kutengenezea kurasa za wavuti, yaani programu ambayo imekwisha kusimamisha nguzo na paa, wewe ukabaki na kazi ya kukandika kuta. Mpaka siku ile Wambeti alidhani kwamba ukitaka ukurasa wa intaneti uoneshe majina ya wanafunzi wote wa chuo, shurti uketi uyachape moja moja, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua tangu ujana. Kumbe la. Kitabu kilimwambia aandike mstari mmoja tu wenye nafasi tupu: hapa jina, hapa darasa, hapa kwao ni wapi. Kisha aiambie mashine iende kwenye databesi, lile ghala la rekodi, ichukue rekodi ya mbele, ijaze nafasi zile, halafu itazame kama kuna nyingine. Ikiwapo, irudie. Isipokuwapo, ipumzike. Ni kama kibao cha kufyatulia matofali: kibao ni kimoja, lakini nyumba nzima inatoka humo.

Akaandika mstari wake. Akabonyeza. Kioo kikanyamaza kidogo, kisha wanafunzi wote wa Kirimara wakamiminika kutoka juu mpaka chini, kila mmoja na kwao, bila Wambeti kuchapa hata jina moja. Mwalimu alipiga yowe, kicheko kikampanda, kiti hakikuwapo karibu, akashika pazia. Pazia likaja na fito yake. Alitoka nje pekupeku, akavuka barabara hadi kwa Gedion, fundi wa viatu, na kumweleza yote kwa pumzi moja. Gedion alisikiliza kwa heshima zote, sindano mdomoni, kisha akauliza kama hicho kiunzi kinaweza pia kushona soli. Wambeti akamwambia bado, lakini asikate tamaa.

Sasa kulikuwa na mkurugenzi. Bwana Koome alikuwa mtu wa Igoji, mwema, msafi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde, na hakuvumilia kuona kitu kimekaa bure. Alikuwa anafungua tawi Chuka na tawi lilihitaji mashine yenye nguvu. Alimwita Wambeti ofisini akamwambia kwamba kurasa zake ni nzuri sana, zimemfurahisha sana, lakini hazina mwenyewe. Akampa mpaka mwisho wa Aprili. Apate watu wanaozihitaji, tena wawe watu wa kuonekana, kundi, si jirani mmoja na binamu yake. Akiwapata, mashine itabaki Embu na yeye atakuwa mwalimu wa kurasa za wavuti. Akiwakosa, mashine itapanda lori iende Chuka, naye atarudi kwa taipureta na rula yake.

Wambeti aliipenda mashine ile. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Wapo watu wanaopenda kanisa na wapo wanaopenda mpira, naye aliyekwisha kuona ukurasa ukijijaza wenyewe hakuweza tena kurudi kufundisha vidole viende wapi. Aliomba Mungu kila asubuhi, na kwa kuwa si mtu wa kukaa akingoja, alimwambia kila aliyekutana naye sokoni kwamba ana ukurasa unaotafuta rekodi za kula.

Rekodi zikaja ndani ya kiondo. Zililetwa na Purity, katibu wa kikundi cha wafuga mbuzi wa maziwa kutoka upande wa Siakago, msichana mpole aliyekuwa na dada yake Dallas. Kikundi kilikuwa kimeshika mbuzi wa kizungu wakawachanganya na wa kienyeji, maziwa yakapatikana hata kule kwenye ukame, ila shida ikawa moja: beberu mmoja huzungushwa kutoka boma hadi boma, na baada ya muda watu husahau nani ni baba ya nani. Ukikosea, beberu anampanda binti yake mwenyewe, na kinachozaliwa hakina miguu ya kusimamia. Kwa hiyo waliandika kadi, kila mbuzi na yake: jina, rangi, mama, baba, mwenye mbuzi. Purity aliuliza kwa haya kama kompyuta inaweza kuzipanga. Tena kulikuwa na wanunuzi wa mbali, hata wa Machakos na wa Nyeri, ambao wangependa kuwaona mbuzi kabla ya kufunga safari.

Wambeti alimkumbatia yeye na kiondo chake pamoja.

Alichapa kadi zile kwa furaha ambayo hakuna kadi zilizowahi kuipata. Mbuzi wa Siakago walikuwa na majina kuliko watoto wa shule. Kulikuwa na Elnino, aliyezaliwa wakati wa mvua ile iliyobeba madaraja. Kulikuwa na Kura, aliyezaliwa siku watu walipokuwa kwenye foleni ya uchaguzi na kwa hiyo hakupata mkunga. Kulikuwa na Keru mweupe na Kairu mweusi, na beberu mmoja aliyeitwa Chifu kwa sababu akitokea kila mtu husimama. Na kulikuwa na Redio, jike wa mwenyekiti, asiyenyamaza hata akitafuna. Kila jina lilimwacha Wambeti ameshika meza. Alitengeneza ukurasa mmoja wa mbuzi wote, na ukibonyeza jina la mbuzi, ukurasa mwingine unafunguka wenye mama yake, na ukibonyeza mama, unapata nyanya, hadi ukoo uishe.

Halafu akaongeza urembo. Huu ndio uliomponza. Kwa kuwa alikuwa na furaha nyingi na siku kadhaa mkononi, aliweka namba pembeni mwa kila mbuzi. Chini ya kila mwenye boma akaweka idadi ya mifugo yake. Na mwisho kabisa wa ukurasa, kwa maandishi manene mekundu, akaweka jumla kuu ya mbuzi wote wa kikundi, akaizungushia fremu inayometameta.

Wanakikundi walikuja siku ya Jumanne, wakiwa wamevaa vizuri, wakavua viatu mlangoni wakavipanga safu nzuri. Mbele alikuwa mwenyekiti, mzee Kivuti, mrefu, mkimya, kofia yake ikiwa mkononi. Nyuma yake cucu Wamuyu, nyanya mkongwe kuliko wote, ambaye alikuwa amekuja kwa sababu mbuzi wake walikuwa wamekuja na hakuona kwa nini waende mjini bila yeye. Wambeti alifungua ukurasa. Kura alipotokea, chumba kililipuka. Watu waliita mbuzi kwa majina, wakaelekeza vidole, wakamwambia Kairu ageuke waone kwato zake. Cucu Wamuyu alilamba kidole akagusa kioo mahali palipoandikwa Elnino, akasema kwamba ni yeye kabisa. Wambeti alicheka mpaka Purity akamsogezea kiti.

Kisha akashusha ukurasa hadi chini, na ile fremu ikaanza kumetameta.

Kicheko kilikatika kama kimefungwa bomba. Mzee Kivuti alitazama ile namba nyekundu, akatazama pembeni. Akina mama walifunika vinywa kwa leso. Cucu Wamuyu aligeuka akatoka nje bila kuvaa viatu, akasimama barabarani akiwa amewapa mgongo wote. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakishukuru kwa chai, wakisema safari ni ndefu, wakiaga kwa adabu kubwa sana, ile adabu ambayo mtu hupewa anapokuwa ameharibu.

Wambeti alibaki katikati ya chumba, mkono kwenye kipanya. Purity peke yake alirudi kuchukua kiondo. Alimweleza polepole, macho chini, kwamba kwao mtu hahesabu mbuzi walio hai. Ukihesabu unamwonesha fisi pa kuanzia. Unaita ugonjwa uje ukague kama hesabu yako ni sawa.

Na Wambeti akakumbuka, uso ukamwaka moto, maana hakuwa mgeni wa jambo hilo. Karurumo kwao ilikuwa vilevile. Mama yake hadi leo akiulizwa ana watoto wangapi hujibu kwamba wapo, Mungu amemwonekania. Wambeti mwenyewe, akiwa mdogo, alipigwa kofi la mkono kwa kuhesabu vifaranga kwa kidole. Alijua tangu utotoni. Alikuwa amesahau kwa sababu ya furaha, na labda kwa sababu alidhani, bila kujiambia, kwamba vitu vya kwao huvuliwa mlangoni pamoja na viatu.

Mambo yakazidi kwenda mrama. Alhamisi ile Redio alivimba tumbo. Alikuwa ameingia kwenye maganda ya muhogo ya jirani akala kama ametumwa, jambo alilolifanya mara nyingi kabla ya kompyuta kuvumbuliwa, lakini sasa kila mtu alijua kilichomvimbisha. Walimnywesha mafuta ya kupikia, wakamkanda ubavu, na jioni akatoa hewa kwa mlio uliosikika maboma mengine, akapona, akaendelea kulia. Hata hivyo ujumbe uliofika Embu kwa mdomo wa Purity ulikuwa mfupi. Wanakikundi hawana ugomvi na mwalimu. Wanachotaka ni kitu kimoja: awatoe mbuzi wao kwenye hesabu.

Bwana Koome, aliposikia, alisikitika kweli. Akasema basi, lori la Chuka litakuja Ijumaa ijayo.

Wambeti alifuta namba zote. Ilikuwa kazi ndogo. Lakini alielewa kwamba haitoshi, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuhesabu akifunga mdomo, hesabu bado iko kichwani, na mashine ni hivyo hivyo, au ndivyo watakavyosema. Kwa hiyo Jumatatu alivaa viatu vya kutembea, akashuka Siakago kwenda kuomba msamaha mwenyewe.

Alifika boma la mzee Kivuti jua likiwa limeanza kupoa, mbuzi wakirudi. Mzee alimwonesha kigoda kwa kidevu na kuendelea na kazi yake, kwani mbuzi hawangoji wageni. Alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, mguu mmoja kwenye ubao. Mbuzi mmoja akaja, mzee akamtazama: sikio, kiwele, mwendo. Akampisha. Akainua macho kuona kama kuna mwingine. Alikuwapo. Akamtazama, akampisha, akainua macho. Hakutikisa midomo wala kukunja kidole. Redio akapita akilalamika. Mwishowe mzee akainua macho, vumbi likawa tupu, akafunga lango.

Wambeti aliinuka kutoka kwenye kigoda. Alihisi magoti yanaanza. Rekodi ya mbele, itazame, ipishe, uliza kama kuna nyingine, isipokuwapo funga. Alikuwa ameandika jambo lile lile kwa vidole vyake mwenyewe, mstari kwa mstari, katika chumba chenye pazia. Kicheko kikampanda, akatafuta kitu cha kushika, na kilichokuwa karibu kilikuwa ua la miiba.

Mke wa mzee alimtoa miiba kwa sindano huku yeye akijaribu kueleza na kucheka na kulia kwa maumivu, vyote kwa wakati mmoja. Alimweleza mzee Kivuti kwamba mashine inafanya kama yeye. Inasimama langoni. Haijui mbele kuna nini wala nyuma wamepita wangapi, inamjua tu aliye mbele ya macho yake, na inajua kuuliza kama kuna mwingine. Mzee alisikiliza akichokonoa ardhi kwa fimbo.

"Na ile namba nyekundu," akasema. "Hiyo ilitoka wapi, kama mashine haijui?"

Wambeti angeweza kudanganya, na uongo mzuri ulikuwa umeshamjia kwenye ulimi. Akaumeza. Akamweleza kilichotokea kweli, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu kwa sababu lilimtia aibu ya kikazi. Siku ile alipotaka jumla, aliiuliza mashine wako wangapi, nayo ikakataa. Ikajibu toa moja, yaani moja pungufu ya sufuri, jibu lisilo na kichwa wala miguu. Akauliza tena, toa moja. Alihangaika nayo mpaka akapata kwenye kitabu sababu yake: mashine ikiwa imetumwa kupitisha rekodi langoni tu, haina idadi ya kukupa, na hiyo toa moja ndiyo njia yake ya kusema usiniulize. Ukitaka idadi lazima uilazimishe kwa amri nyingine, iwakusanye wote kwanza. Naye aliilazimisha.

"Ilikataa, mzee. Ni mimi niliyeilazimisha."

Mzee Kivuti aliacha kuchokonoa ardhi. Mabega yake yalianza kutikisika, kimya kimya, kisha sauti ikafuata, kicheko kikavu cha mtu asiyekitumia mara kwa mara.

"Kwa hivyo hiyo mashine iko na heshima kushinda mwalimu."

Wambeti alikiri kwamba ndivyo ilivyo, akamwomba aje aone mwenyewe. Mzee akasema atakuja Ijumaa. Wengine hatawalazimisha, atawaambia tu kwamba huko mjini kuna mashine iliyokataa kuhesabu mbuzi zao, na yeye anaenda kuisalimia.

Ijumaa ilipofika, lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya chuo tangu asubuhi, na vijana wawili wa kubeba walikuwa wameketi kwenye ngazi wakila mandazi. Wambeti alikuwa ameandaa ukurasa upya. Mahali pa namba hapakuwa na kitu. Pale chini, ambapo zamani palikuwa na ile fremu ya jumla, sasa palikuwa na maneno ya kubonyeza, "Wengine wako nyuma," na ukifika mwisho kabisa, palikuwa na neno moja, "Funga." Viganja vyake vilikuwa bado na alama za miiba. Alitazama mlango mpaka macho yakamuuma.

Walikuja. Walikuja na jirani zao ambao hata hawakuwa wanakikundi, maana habari ya mashine iliyokataa ilikuwa imezunguka sokoni Siakago na watu hawakutaka kusimuliwa. Viatu vilijaa mlangoni vikamwagika hadi kwenye ngazi, vijana wa lori wakalazimika kuhama na mandazi yao. Cucu Wamuyu alipewa kiti cha mbele. Wambeti alipitisha mbuzi mmoja mmoja, polepole, kila mmoja na ukurasa wake, na chumba kikawaita kwa majina, kwanza kwa minong'ono, kisha kwa sauti. Lakini walikuwa wakimtazama yeye pembeni mwa jicho. Walikuwa wanangoja.

Basi akaiuliza. Aliandika swali lile mbele yao, wazi, wako wangapi, akaliweka bila ile amri ya kulazimisha. Akabonyeza. Kioo kikajibu toa moja.

Purity aliwasomea. Cucu Wamuyu akainama mbele.

"Uliza tena," akasema.

Toa moja. Cucu akaagiza aulizwe kwa ukali kidogo, na Wambeti akabonyeza kwa ukali. Toa moja. Hapo mkongwe alijitupa nyuma kwenye kiti, akapiga makofi, akatangaza kwa Kimbeere, lugha ya kwao Siakago, kwamba mashine hii imezaliwa na mama wa maana, na chumba kikapasuka. Watu walicheka wakashikana. Mtu mzima mmoja alikwenda kuipangusa mashine vumbi kwa leso yake. Kila mmoja alitaka kuiuliza mwenyewe, wakapanga foleni ya kuiuliza, na kila jibu lilipokelewa kana kwamba ni jipya. Wambeti alicheka mpaka akakosa pa kushika, akamshika mzee Kivuti, na mzee akamwacha ashike.

Kisha walianza kumpa kadi. Purity alikuwa ameketi kwenye kona akiandika, na watu walimzunguka: wa kikundi waliorudisha mbuzi wao, majirani waliotaka wa kwao waingie, mwanamke mmoja aliyekuwa na kondoo akauliza kama kondoo wanakubaliwa.

Ni katikati ya kelele hiyo Bwana Koome aliingia, viatu mkononi, nyuma yake wale vijana wawili wa kubeba. Alikuwa amekuja kuisindikiza mashine. Alisimama akatazama umati, akatazama kile kioo, kisha akampata Wambeti kwa macho.

"Winfred," akasema kwa sauti yake ya ng'ambo ya bonde, "hawa waliojiandikisha ni wangapi?"

Foleni nzima iligeuka kumtazama Wambeti. Wambeti alijua idadi. Alikuwa ameiona kwenye karatasi ya Purity sasa hivi, tena ilikuwa namba nzuri, namba ambayo ingemaliza mjadala na kumpa kila kitu alichokuwa akikiomba alfajiri. Ilikuwa kwenye ulimi. Aliona shingo ya cucu Wamuyu ikigeuka taratibu kumtazama. Kijana mmoja alikuwa ameshaanza kuzungusha waya wa kioo mkononi.

"Wametosha, Bwana Koome," akasema.

Mkurugenzi alimtazama kama hakusikia vizuri. Akarudia kwamba anauliza wangapi. Wambeti akarudia kwamba wametosha. Basi Bwana Koome, mtu asiyependa mambo yaelee, akainua kidole chake cha shahada akakielekeza kwenye kichwa cha kwanza, ili awahesabu mwenyewe.

Kidole kilibaki hewani. Watu wote walikuwa wanakitazama kile kidole. Cucu Wamuyu alikuwa ameinua mkono wake mkavu kidogo tu kutoka gotini, na Bwana Koome akamwona, na kitu kikapita usoni mwake. Igoji nako kulikuwa na nyanya. Nako kulikuwa na vifaranga, na kofi la mkono. Alikikunja kile kidole, akakitia mfukoni pamoja na mkono mzima, na kwa mara ya kwanza tangu Wambeti amfahamu, akasema kwa sauti ya chini.

Aliwaambia vijana waiache mashine ilipo. Chuka itatafutiwa nyingine.

Vifijo vilivyofuata vilimtoa Gedion ng'ambo ya barabara, akaja na kiatu cha mteja mkononi kuuliza ni nani ameolewa. Wambeti alilia na kucheka, hakujua kipi kimetangulia. Watu walimpa mkono, wakaushika ule wenye alama za miiba, naye hakuhisi kitu.

Umati ulipoanza kupungua, Bwana Koome alikuwa bado yupo, amesimama kando ya mashine akijifanya anasoma. Alimtazama Keru akipita, akamtazama Kura. Alikohoa. Akasema, bila kumtazama Wambeti, kwamba mama yake kule Igoji naye anafuga mbuzi.

Wambeti alivuta kiti akaketi, akaweka vidole juu ya vitufe.

"Anayetangulia kutoka zizini," akauliza, "anaitwa nani?"